Chuo cha kibinafsi Marekani: usiogope bei, ogopa salio

Kila Januari matokeo ya KCSE yakitoka, saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, hujaa watu wa aina mbili. Wa kwanza wamekuja kwa mambo ya KUCCPS na HELB, yaani nafasi na mikopo ya vyuo vya hapa, na hao tunamalizana upesi. Wa pili huvuta kiti, hungoja wateja wapungue, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hivi Marekani mtu anaingiaje?" Wananiita Mwalimu kwa sababu nilifundisha hisabati na fizikia kwa mkataba wa BOM, bodi ya shule, hadi nikachoka kuingojea ajira ya serikali kupitia TSC. Kazi iliisha, jina likabaki.

Nikiwafungulia orodha ya vyuo vya huko, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuviruka vya kibinafsi. Nawaelewa. Kwetu chuo cha kibinafsi ni kile ambacho mzazi anajilipia mwenyewe, na ukimwambia mtu mwanao yuko huko, atakuangalia viatu kwanza kabla hajakuangalia usoni. Basi mzazi anaposoma kwamba Harvard ni cha kibinafsi, na kwamba gharama ya mwaka mmoja inapita dola 80,000, anapiga hesabu ya shilingi 129 kwa dola, anafika milioni 10 na ushei, anafunga mjadala. "Tafuta cha serikali, Mwalimu. Cha serikali ni rahisi."

Rahisi kwa nani? Chuo cha umma Marekani ni mali ya jimbo, na wanaopunguziwa karo ni watoto wa jimbo hilo, ambao wazazi wao wanalipa kodi pale. Mtoto wa jimbo jirani anatozwa zaidi, sembuse mtoto wa Ahero. Berkeley kule California ni chuo cha umma chenye jina kubwa duniani, lakini hakimpi mwanafunzi wa kigeni msaada wa karo kwa kuangalia umaskini wa kwao. Princeton, ambacho ni cha kibinafsi, kikimchukua mtoto wa mvuvi wa Dunga kitamlipia karo, chakula na bweni, tena bila mkopo. Mkopo walishauondoa tangu 2001. Kwa hiyo anayeruka vya kibinafsi anaruka mahali pesa zilipo.

Zilitoka wapi? Hapa mimi mtu wa Vihiga nina la kusema, kwa sababu nimekulia upande wa Kaimosi, katika Kanisa la Marafiki, wale ambao wengine wanawaita Quaker. Wamarekani watatu walifika Kaimosi 1902 wakaanzisha misheni ya kufundisha dini na kazi za mikono pamoja. Ukienda leo utakuta hospitali, shule na vyuo vilivyoota kutokana na misheni ile. Sasa watu wa kanisa hilohilo walikuwa wamefanya hivyohivyo kwao kabla hawajafika kwetu. Haverford kule Pennsylvania kilianzishwa na Quaker 1833. Guilford, North Carolina, 1837. Earlham, Indiana, 1847. Swarthmore, Pennsylvania tena, 1864. Vyote ni vya kibinafsi.

Wala si sisi peke yetu. Majirani zetu wa Bunyore, wale wa Kanisa la Mungu pale Kima, ndugu zao wa Marekani wana Anderson University, Indiana, tangu 1917. Wasabato walioanzia Gendia, karibu na Kendu Bay, 1906, wana Andrews kule Michigan na Oakwood kule Alabama, hiki cha pili kikiwa miongoni mwa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Wakatoliki wana Georgetown tangu 1789, na Notre Dame, na vingine vidogo visivyo na hesabu. Harvard chenyewe, 1636, kiliundwa ili koloni lisikose wachungaji wenye elimu. Marekani ilipojitangazia uhuru 1776, Harvard kilikuwa na miaka 140. Serikali ilikikuta pale.

Kwa hiyo nikiwa na mzazi wa Maragoli au Kendu Bay mbele yangu, simwambii habari za sekta binafsi. Namwambia: unaijua shule yenye mfadhili wa kanisa? Iwazie hiyo, ila iwe imechangiwa kwa miaka 200 bila kusimama. Waliosoma pale wanatoa pesa wakiwa hai, wanaacha nyingine kwenye wosia, chuo kinaziwekeza na kutumia sehemu ya faida kila mwaka. Ni mali ya wakfu. Ya Harvard inapita dola bilioni 50, yaani inazidi bajeti ya mwaka mzima ya serikali yetu. Ndiyo maana wanaweza kutangaza, kama walivyofanya Machi 2025, kwamba familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka haitalipa kitu. Huku Kondele sijakutana na familia ya dola 100,000. Kama ipo haiji kuchapisha kwangu.

Na jambo lenyewe si geni kwa watu wa ziwa. Tom Mboya wa Rusinga ndiye aliyewapakia wanafunzi 81 kwenye ndege ya kwanza Septemba 1959, na hadi 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia ile. Watu wakisikia hadithi hiyo wanawaza Harvard, lakini wengi waliishia kwenye vyuo vidogo ambavyo hata leo hakuna anayevitaja. Wangari Maathai alikwenda 1960, akasomea biolojia katika chuo cha masista wa Benedikto kule Atchison, Kansas, Mount St. Scholastica, mji mdogo kabisa. Akamaliza 1964. Chuo hicho leo kinaitwa Benedictine College. Gavana wetu Anyang' Nyong'o alipata shahada ya uzamifu University of Chicago, cha kibinafsi. Binti yake Lupita alisoma Hampshire, kisha Yale, vyote vya kibinafsi. Na binti wa Mboya, Susan, alianzisha Zawadi Africa 2002, shirika linalowasaidia wasichana wa Kiafrika werevu wasio na uwezo kupata nafasi na ufadhili. Msichana anayesoma haya alitafute jina hilo leo jioni.

Sasa nirudi kwenye salio, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Mama mmoja anayeuza mitumba Kibuye alikuja na binti yake wakiwa wameng'aa kama sikukuu. Barua imefika kwenye simu, wanataka niichapishe kwa rangi, nakala za kutosha, moja ya mwalimu mkuu, moja ya pasta, moja ya mwenyekiti wa kamati. Kamati tayari ilikuwa imeundwa. Juu ya barua, kwa maandishi makubwa ya bluu: hongera, umepata ufadhili wa dola 88,000. Kanisani walikuwa wameshapiga vigelegele Jumapili.

Nikamwomba mama aketi kabla sijabonyeza kuchapisha. Dola 88,000 zilikuwa za miaka minne zikiwa zimejumlishwa. Kwa mwaka ni 22,000. Ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo, kulikuwa na jedwali: karo 36,000, bweni na chakula 11,500, bima ya afya na ada ndogondogo 2,500. Jumla 50,000. Toa 22,000.

Mama akaangalia kioo muda mrefu. "Mwalimu, hii 28,000 inayobaki nani analipa?"

"Ni nyinyi, mama."

"Kwa miaka yote minne?"

"Kila mwaka. Na ikipanda, mnapanda nayo."

Ni zaidi ya shilingi milioni 3.6 kwa mwaka. Binti ndiye aliyecheka kwanza, cheko la kukata tamaa, kisha akamwambia mama yake wasichapishe kitu. Nakala hata moja haikuchapwa. Sasa yuko Maseno kwa nafasi ya KUCCPS, na akipita hapa huniletea wenzake.

Chuo kile hakikumdanganya mtu. Kila namba ilikuwemo. Ila ndivyo vyuo vingi vya kibinafsi vya kiwango cha kati vinavyofanya biashara: bei ya juu, kisha punguzo kubwa linaloitwa ufadhili. Takwimu za vyuo vyao wenyewe zinaonyesha kwamba kwa wastani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya kibinafsi hupunguziwa zaidi ya nusu ya karo iliyotangazwa. Yaani ile bei ya tovuti karibu hakuna anayeilipa. Mfanyabiashara wa Kibuye anaijua hii kuliko profesa: unataja 1,500 ukijua utauza 700. Kwa hiyo usishangilie ukubwa wa punguzo. Uliza salio.

Vipo basi vyuo ambavyo salio linakaribia sifuri, na ni vya kibinafsi vyenye wakfu mnono. Tuanze na vile ambavyo vinamchagua mgeni bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, kisha vinaziba pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Amherst, Bowdoin, na sasa Brown. Ugumu wa hivi unajulikana. Harvard, katika kila waombaji 100, wanaoingia ni kama wanne tu. Mtoto wa A ya wazi aombe, lakini asiombe hivyo peke yake.

Halafu kuna kundi ambalo watu wetu hawalijui na ndilo ninalolipenda zaidi. Vyuo vidogo, vingine vina wanafunzi wasiozidi 2,000, ambavyo wakati wa kukuchagua vinaangalia mfuko wako, ndiyo, lakini vikishakukubali vinalipa pengo lote. Swarthmore na Haverford, wale jamaa zetu wa Quaker, wamo. Grinnell kule Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi ambayo mtu wa Kitale atajihisi nyumbani. Macalester kule Minnesota, alikosoma Kofi Annan, akamaliza 1961. Smith na Mount Holyoke, vya wanawake. Hapo profesa anakujua jina, darasa lina watu kumi na kitu, na karibu hakuna wanafunzi wa uzamili wa kukupora nafasi ya maabara. Mjombako hatakuwa amevisikia. Ataenda kijijini aseme umeenda chuo kisichojulikana. Mwache aseme.

Berea ni cha aina yake. Kiko Kentucky, kilianzishwa 1855, na tangu 1892 hakijamtoza mwanafunzi karo. Kila mwanafunzi anafanya kazi hapo chuoni, angalau saa 10 kwa wiki: jikoni, maktaba, shambani, karakana ya mbao. Mgeni analipiwa kila kitu mwaka wa kwanza, na baadaye anachangia kidogo kutokana na kazi zake. Wanachukua wageni wachache sana. Nimewaambia vijana wa Vihiga waangalie hicho kabla ya vyote, na wengine wakakunja uso waliposikia habari ya kufua na kupika. Haya.

Utajuaje chuo ambacho sijakitaja kinawapa wageni au hakiwapi? Kuna waraka ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka, unaitwa Common Data Set. Andika jina la chuo pamoja na maneno hayo kwenye Google. Ukiupata, shuka hadi sehemu ya H6. Hapo wamejaza wenyewe: wageni wangapi wamepata msaada, na kwa wastani kila mmoja amepata dola ngapi. Chukua gharama ya mwaka, toa hiyo wastani. Kama kinachobaki ni dola 25,000, hata kama picha za chuo zina maua na watoto wa kila rangi wanacheka kwenye nyasi, funga ukurasa. Kazi hii ni ya dakika tano na hakuna ajenti atakayekufundisha, kwa sababu ajenti analipwa na chuo chenye viti vitupu. Chuo kinachokataa watu 96 kati ya 100 kinamhitaji ajenti wa nini?

Fomu za fedha ni habari nyingine. FAFSA mnayoisikia kwenye video ni ya Wamarekani, usiijaze. Mgeni anajaza CSS Profile, au ile iitwayo ISFAA ambayo hailipiwi, kutegemea chuo. Msimu uliopita nilijaza na kijana wa Seme anayelelewa na nyanya yake. Nyanya anauza omena. Nikamwambia kijana aje naye, kwa sababu fomu inataka kipato cha anayemlea, na kipato cha muuza omena hakiko kwenye karatasi yoyote.

Basi tukakaa. Gunia analinunua kwa bei gani ufuoni? Inategemea mbalamwezi, akasema, mwezi ukiwaka omena hawakai kwenye taa. Gunia linatoa gorogoro ngapi? Anauza ngapi siku ya soko, ngapi siku ya kawaida? Ushuru wa soko wa kaunti? Nauli ya boda? Tulipofika kwenye mali, akaniuliza kwa uzito kabisa, "Kuku nao?"

"Kuku waache, Dani."

"Na mbuzi wa chama?"

Mbuzi wa chama tulimjadili. Shamba ndilo lilitupa kazi: analima, lakini hati bado ina jina la marehemu baba mkwe, na ndugu watano hawajagawana. Fomu inataka thamani. Tukaandika sifuri, kisha kwenye nafasi ya maelezo tukaeleza hali yenyewe kwa Kiingereza chepesi: ardhi ya familia, haijagawanywa, haiwezi kuuzwa. Tukaambatanisha barua ya chifu. Watu wa ofisi za fedha kule wanasoma maelezo hayo. Wanachokichukia ni namba za kubuni. Kuna mzazi alitaka tuandike kipato kikubwa ili familia isionekane ombaomba, na mwingine, mwenye nyumba za kupangisha Manyatta, alitaka tuandike kwamba hana kitu. Wote wawili niliwarudishia karatasi zao.

Maombi yenyewe mengi hupitia Common App, ambayo ina vyuo zaidi ya 1,000 na inakuruhusu kuchagua hadi 20. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, lakini usilipe kabla hujaomba kusamehewa. Kuna sehemu ya kuombea msamaha, mwalimu wako anathibitisha, basi. Grinnell hakitozi kabisa. Insha ni maneno 650 yasizidi. Nawaomba vijana wasiandike kuhusu umaskini peke yake, maana fomu ya fedha imeshausema. Yule wa Seme aliandika jinsi alivyotengeneza taa ya kuvulia kwa betri ya pikipiki iliyokufa, na jinsi ilivyomlipukia mkononi. Kovu analo. Mwalimu wake wa fizikia alitaka aitoe sehemu ya mlipuko. Nikamwambia aiache.

SAT, mtihani wao wa kuombea chuo: baada ya 2020 vyuo vingi viliifanya hiari, lakini MIT kiliirudisha 2022, na 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikafuata. Soma masharti ya kila chuo.

Kalenda inawachanganya watu. Mwisho wa kuomba kwa vyuo vingi ni karibu Januari 1, na masomo huanza Agosti au Septemba. KCSE inaandikwa Oktoba na Novemba, matokeo yanatoka Januari. Kwa hiyo mtoto aliye Kidato cha Nne anaomba bila alama za mwisho, akiwa bwenini, bila simu. Wachache wanaweza. Wengi wanasubiri matokeo, wanatumia mwaka huo kujiandaa, wanaomba mwisho wa mwaka. Mzazi anayeona mtoto amekaa nyumbani anasema anaoza. Haozi, ila apewe kazi. Programu kama KenSAP, iliyoanzia Iten 2004, na ile ya benki ya Equity kwa vijana wanaofanya vizuri, zinawashika mkono vijana katika kipindi hichohicho.

Kwa wakimbiaji, mara moja: Harvard na wenzake saba wa Ivy League hawatoi ufadhili wa michezo, wala vyuo vya daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambako viko vingi kati ya hivi vidogo nilivyovitaja. Mbio zitakusaidia kuchaguliwa, karo italipwa kwa hali ya kwenu. Kocha akikuahidi vinginevyo, akuandikie.

Kuhusu vyuo vibaya. Cha kibinafsi si lazima kiwe cha wakfu. Vipo vya kibiashara vyenye wenye hisa wanaongoja gawio, na kimoja kikubwa, ITT Technical Institute, kilifunga milango Septemba 2016 wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Hata visivyo vya faida vinakufa: University of the Arts kule Philadelphia kilitangaza mwisho wa Mei 2024 na kufungwa ndani ya siku chache, Birmingham-Southern na Wells vikafungwa mwaka huohuo. Hampshire alikosoma Lupita kilitikisika 2019 hadi kikapunguza mno idadi ya wanafunzi wapya. Kwa hiyo kabla hujapenda, angalia mambo kwenye College Navigator, tovuti ya serikali yao isiyolipiwa: ithibati inatoka kwa nani, wanaoingia wangapi wanamaliza, na idadi ya wanafunzi inapanda au inashuka mwaka hadi mwaka. Chuo kinachopoteza wanafunzi kila mwaka kitakupa nafasi haraka sana.

Na ajenti. Tangu sakata la masomo ya Finland na Canada kule Uasin Gishu, wazazi walipoandamana 2023 wakidai pesa zao, ningedhani watu wamepona. Hawajapona. Bado naletewa watu waliotoa 150,000 za "kushika nafasi". Ushauri rasmi wa vyuo vya Marekani unatolewa na EducationUSA, ofisi yao iko ubalozini Nairobi, na hawatozi kitu. Chuo kikikukubali kitakutumia fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya masomo, chenyewe. Kabla ya kuitoa kitataka uthibitisho kwamba mwaka wa kwanza umelipiwa, na hapo ndipo salio linaporudi kukukamata ikiwa uliliruka. Unalipa dola 350 za SEVIS, daftari la serikali yao la wanafunzi wageni, na 185 za viza kwa mikono yako mwenyewe, mtandaoni, kwa risiti.

Mahojiano ni Gigiri, na ni mafupi. Sheria yao inamchukulia kila mwombaji kwamba anataka kubaki huko mpaka aonyeshe vinginevyo, hivyo mtoto ajue kueleza anasomea nini, kwa nini chuo kile, nani analipa. Mwenye barua ya msaada kamili anajibu la tatu kwa sentensi moja. Tangu Juni 2025 wanataka pia kurasa zako za mitandao ziwe wazi kwa umma, basi zipitie mapema, hasa zile za mabishano ya Gor na Ingwe.

Yule kijana wa Seme anangoja majibu. Huwa yanatoka mwisho wa Machi. Nyanya hupita hapa siku za soko kuuliza kama Marekani wameandika, na hukataa kuondoka na jibu la hapana bila kuiona barua pepe kwa macho yake, hivyo nafungua, anaangalia, ananunulia wateja chai, anakwenda.

Anayetaka kuanza aje Jumamosi baada ya saa nane, wateja wa KRA wakiwa wamepungua. Aje na ripoti za shule kuanzia Kidato cha Kwanza, nambari ya simu ya mwalimu aliyemfundisha kweli, na mzazi au mlezi aliye tayari kutaja kipato chake mbele ya mtoto. Kuchapisha ni shilingi 10 kwa ukurasa, rangi 30. Kukaa na kuuliza sitozi.